Ukungu Kwenye Picha za Mama

Nyumbani,
Chumba cha cherehani,
Jumapili, 14 Juni

Mpendwa mdogo wangu,

Pokea salamu za mikono yenye unga, maana mingine sina. Hujambo, kitinda mimba wetu? Wifi yangu hajambo? Na Somo, bibi mdogo wa nyumba yenu, hajambo? Ameshaota meno mangapi, na je, usiku anawaacha mlale au bado anawakesheza kama walinzi? Ulisema kikohozi chako kimepungua. Natumaini kimekwisha kweli, si kwamba umeamua kutunyamazia. Nakujua wewe. Ulipovunjika mkono utotoni ulimaliza chakula kwanza, ukanawa, ndipo ukatuonyesha.

Sisi huku hatujambo. Mimi mzima, shemeji yako mzima pamoja na kelele zake, na Mama mzima. Hilo neno la mwisho nimelifikiria kabla ya kuliandika, kwa hiyo usilipite mbio. Nina habari za Mama na nitakupa zote, lakini nataka nizianzie pale kamera yako ilipofika, vinginevyo hazitaeleweka. Usirukie mwisho. Mwisho ni mzuri, nakuapia, basi kaa chini, mimina kitu cha moto, umsikilize dada yako.

Kwanza, asante. Kamera ilifika salama. Mleta mizigo wa lile duka la mtandaoni aliniletea kazini, nikiwa nimezama kwenye unga wa kukanda hadi viwikoni. Nilitia sahihi kwa kidole, naye akaondoka na mashine yake ikiwa nyeupe kama andazi lililopakwa sukari. Wenzangu wote wa tanuri walinizunguka wakitaka nifungue pale pale. Nikakataa. Boksi liliandikwa jina la Mama, na ningelifungua mbele ya watu angeninunia mwezi mzima.

Ulipokuwa unaiagiza uliniambia kwamba umechoka kuliona sikio la Mama. Kila ukimpigia simu ya video, yeye huichukua na kuibandika sikioni, nanyi huko mnabaki kuongea na hereni. Ulitaka picha moja tu, safi, ya uso wake, uitundike sebuleni kwenu ili Somo akue akimjua bibi aliyempa jina. Tulilicheka sana lile sikio, mimi na wewe. Liweke akilini, tutalirudia.

Sheria ya Baba hujaisahau: kitu kipya hakivuliwi nailoni. Rimoti bado imo ndani ya nailoni yake, imekuwa ya njano kama meno ya mvuta sigara. Redio vivyo hivyo. Makochi hata sisemi, mgeni akikaa kochi linapiga kelele kabla yeye hajasalimia. Majirani hadi leo wanatuita watu wa nyumba ya nailoni. "Nailoni ikichakaa, kitu kinabaki," Baba alikuwa akisema. "Kitu kikichakaa, unabaki na nini?" Tangu alipotutoka, Mama ameikaza sheria hiyo kuliko mwenyewe alivyoikaza, utadhani mumewe yuko safarini na siku akirudi ataanza kwa kukagua.

Basi Mama aliipokea kamera kwa mikono miwili, akaipapasa pote taratibu, vile anavyopapasa kitambaa dukani kabla ya kuuliza bei. Vidole vikafika mbele, kwenye lenzi, vikakuta kijimkia kidogo kinaning'inia. Kabla sijafungua mdomo, mkasi ulishalia. Fundi cherehani haachi kitu kinachoning'inia. Mama angekata uzi hata kwenye shuka la hospitali. Hakuna kati yetu aliyetia hilo maanani, na mimi nikaenda kuchaji betri.

Picha ya kwanza aliipiga shemeji yako. Mama kwenye kiti chake kando ya cherehani, gauni lake la kijani, mikono mapajani. Tukaitazama kwenye kioo cha nyuma na kukuta ukungu. Haikuwa giza, wala mkono haukutikisika. Ni ukungu tu, kana kwamba Mama amekaa nyuma ya mvuke wa birika. Tukapiga ya pili mlangoni, ya tatu nje uani kwenye jua kali. Ukungu ule ule ulitufuata kila tulikokwenda.

Shemeji yako, kama unavyojua, ni fundi wa majokofu, na kwake yeye hakuna maradhi duniani yasiyotibika kama ya jokofu. Lakini hakuanza na jokofu, alianza na mimi. Alitoa hukumu kwamba ni unga wangu, kwamba ninautembeza unga nyumba nzima na sasa umeingia kwenye kamera ya watu. Nikapigwa marufuku kuigusa kabla sijaoga. Nilimwambia miaka yote hii amekula mkate wangu na sikumsikia akiulalamikia unga. Akaipangusa lenzi kwa shati lake, akapiga tena. Ukungu.

Ndipo akahamia kwenye fani yake. Unyevu, akasema, unyevu umeingia safarini. Kamera ikazikwa kwenye ndoo ya mchele, na sisi tukala viazi mpaka ilipofufuliwa. Ilipotoka ilikuwa na ukungu wake wote, na nyongeza ya punje moja ya mchele kwenye kijilango cha betri. Akahamia kwenye vitufe. Alibonyeza hiki, akabonyeza kile, akasema sasa tunafika, mara maandishi yote ya kamera yakageuka kuwa ya lugha ambayo hata herufi zake hatuzijui, vijumba vijumba na vijiti. Siku kadhaa tulikuwa tunaitumia kamera hiyo kwa kubahatisha, na kila tukibonyeza inatulilia kama kifaranga. Wanasema penye wengi hapaharibiki neno. Waliosema hivyo hawakuwahi kumwona mume wangu na kitabu cha maelekezo alichokataa kukifungua.

Mwishowe nikakifungua mimi, nikairudisha lugha, na tukawaandikia wale wa dukani. Anayejibu huko ni mpole hadi anakera. "Mpendwa mteja, pole sana kwa usumbufu. Je, kamera imewashwa?" Shemeji yako akavimba. "Je, mmeondoa kifuniko cha lenzi?" Akavimba zaidi. "Je, mmeondoa nailoni zote za kinga?" Hapo akaninyang'anya simu, akajibu kwamba kamera iko uchi kama siku iliyozaliwa na kwamba yeye ni fundi, si mtoto mdogo.

Basi, wakasema, irudisheni tuwape nyingine, iwe tu ndani ya boksi lake na sponji zake zote. Nikaenda kumwuliza Mama boksi liko wapi. Alinionyesha kwa fahari kabisa. Sponji zilikuwa zimeshonwa kuwa mto wa kuchomekea pini, mto mzuri, na karatasi ngumu ya boksi ilikuwa imekatwa kuwa kipimo cha kola ya mtoto. Ningesema nini? Ndivyo tulivyolelewa. Kamera ikawa yetu kwa heri na kwa shari.

Katika hangaiko lote hilo, mtu mmoja tu hakuwa na lawama. Kila tulipompa Mama kamera aone picha aliisogeza, akaitazama, akasema, "Mnahangaikia nini? Picha nzuri." Tukaona ni adabu zake tu, kwa kuwa kamera imetoka kwako. Wewe ungemletea jiwe, Mama angelitandikia kitambaa.

Siku moja alfajiri nikaenda nayo kazini, ndani ya mfuko wangu wa aproni, bila ya kumwambia shemeji yako. Nilitaka kujaribu kupiga picha mikate ikiwa tanurini, nione kama ukungu unaandama uso wa Mama peke yake. Nikachuchumaa mbele ya mlango wa tanuri, nikaiinamisha kamera, mwanga wa moto ukaipiga lenzi kwa ubavuni. Nikaona kipovu. Kidogo sana, kama kile kinachobaki ukiufunika unga kwa nailoni bila ya kuutoa hewa vizuri. Mimi vipovu vya namna hiyo ndio kazi yangu. Nikapitisha ukucha pembeni, nikaona kitu kinanyanyuka.

Nailoni, mdogo wangu. Nailoni nyembamba kama ngozi ya kitunguu, imebandikwa kiwandani ili lenzi isikwaruzwe, na kile kijimkia Mama alichokikata ndicho cha kuivutia. Kikulacho ki nguoni mwako. Nilicheka peke yangu mpaka mwokaji wa zamu akauliza kama nimeungua. Nikapiga picha mikate. Ilitoka kila mmoja na ufa wake.

Nilirudi nyumbani nikimtamani shemeji yako kama mchezaji anavyolitamani goli. Alisikiliza yote, akaishika ile nailoni, akaigeuza, akasema alikuwa na wasiwasi huo tangu mwanzo. Namwachia Mungu amhukumu. Tukamkalisha Mama kwenye kiti kile kile, gauni lile lile, na nikampiga picha ambayo hata mwenyewe niliionea haya, vile ilivyokuwa safi. Mikunjo yote ya uso ilionekana, na pini mbili alizozisahau kifuani, na kovu la pasi kwenye kidole. Nikaenda kwenye duka la kuchapisha, nikachapisha mbili: hiyo safi, na ile ya kwanza yenye ukungu, ili tukutumie zote ucheke.

Sasa hapa, mdogo wangu, kicheko kinakaa pembeni kidogo.

Tulikuwa sebuleni. Nikampa Mama picha hizo, moja kila mkono, nikamwambia, "Haya Mama, chagua ipi itundikwe kwa mwanao." Nilikuwa natabasamu, nasubiri aicheke ile ya ukungu. Akazitazama. Akazisogeza karibu, akazipeleka mbali, akazigeuzia dirishani. Kisha akasema, bila ya neno lolote la mzaha, "Si moja hizi? Mbona mmeharibu pesa kuchapisha picha moja mara mbili?"

Mimi nilimtazama Mama, na Mama akatazama pale sauti yangu ilipokuwa imetokea mara ya mwisho. Nilikuwa nimeshasogea.

Nikalikumbuka lile sikio lako. Si kwamba hakuijua simu ya video. Alikuwa haioni. Aliiweka sikioni kwa kuwa sikio lilikuwa bado linafanya kazi. Nikakumbuka anavyotunga uzi kwenye sindano kwa ulimi na kidole, anavyouliza "Nani huyo?" mtu akiwa amesimama mlangoni, anavyojua rangi za nyuzi kwa mahali zilipokaa kwenye droo na anavyogombana na mtu akizihamisha. Yote hayo niliyaona kila siku, nikayaita uzee, nikayaita ukorofi. Naishi naye nyumba moja na sikuona. Hata nikiandika sasa hivi moyo unaniuma.

Nilimuuliza tangu lini. Akasema tangu siku nyingi, kidogo kidogo, mpaka akazoea. Neno la pili lilikuwa, "Usimwambie mwanangu." Alisema una mtoto mdogo na una kazi, na mtu aliye mbali habari moja anaifanya kumi. Mficha maradhi kifo humuumbua, nikamwambia. Akanijibu kwamba macho hayana kifo. Sasa umeona ile tabia yako ya mkono uliovunjika umeirithi wapi.

Tulimpeleka hospitali ya macho kwa hila, tukisema shemeji yako ndiye anayekwenda kupimwa. Daktari, binti mpole mwenye sauti ya chini, alimulika, akatwambia ni mtoto wa jicho, macho yote mawili. Mama akamwambia, "Mwanangu, mimi nimezaa wawili tu. Huyu mwingine nimemzaa lini?" Binti wa watu akacheka mpaka akakaa. Kisha akaeleza vizuri: ile lenzi ya ndani ya jicho imefifia, inatolewa na kuwekwa nyingine safi, na mtu anaona tena. Lakini ikiachwa, itafunga kabisa. Alisema hilo la mwisho akiwa amemshika Mama mkono.

Mama akakataa. Alikataa pale, akakataa njiani, akakataa nyumbani. Jicho ni yai, akasema, halichokonolewi. "Sasa hivi naona kidogo, na hicho kidogo kinanishonea nguo. Wakikosea, nitakaa kwenye kiti hiki nifanye nini? Nihesabiwe pumzi?" Nilibembeleza, nikafoka, nikalia. Shemeji yako alimletea jirani aliyepona. Mama alimkaribisha, akampa chai, akamsifia, akamsindikiza, na msimamo wake ukabaki pale pale. Nilitaka kukupigia simu uje umshurutishe wewe, kwa kuwa kwako hana nguvu. Niliishika simu mara nyingi. Lakini nilikuwa nimempa neno langu.

Jambo hili alilimaliza Somo, na mwenyewe hana habari.

Picha yake uliyoituma, ile ya kwenye blanketi la manjano, imetundikwa juu ya cherehani, na nailoni yake juu kama ilivyotoka dukani pamoja na fremu. Kila asubuhi Mama huifuta kwa kitambaa. Hakuna mteja anayepimwa kiuno kabla hajaonyeshwa. "Somo wangu huyo," humwambia, "tumefanana kama shilingi kwa ya pili." Na mteja anakubali, na sisi tunakubali, na wewe mwenyewe ulipompa mtoto jina la Mama ulisema hivyo hivyo.

Alasiri moja nilitoka kazini mapema, nikamkuta amesimama mbele ya picha hiyo na kitambaa mkononi, hafuti. Hakugeuka. Akasema, "Hebu nieleze alivyo."

"Nani, Mama?"

"Somo. Nieleze taratibu, kama unamweleza mtu aliye mbali."

Nikasema ni mzuri. Nikasema ana mashavu, ana macho makubwa, anacheka.

"Mzuri ni wa kila mtu," akasema Mama. "Na mashavu kila mtoto anayo. Huyu wangu ana nini?"

Nikajaribu tena. Nikaitazama ile picha kupitia nailoni, nikatafuta maneno, nikakosa. Mimi ninayejua mkate umeiva kwa rangi tu, nilishindwa kumweleza mama yangu uso wa mjukuu wake. Naye akaniambia, kwa sauti ambayo sijawahi kumsikia nayo, "Tangu aletwe hapa ukutani nasifu nisichokiona. Mkisema tumefanana, nami nasema tumefanana. Ningesema nini?"

Nililia, na aliniacha nilie. Nilipomaliza akanipa kile kitambaa cha kufutia picha nijifutie uso, akasema, "Waambie hao wa macho nakuja. Lakini jicho moja kwanza. Wakiliharibu, nibaki na jingine la kulilia."

Mdogo wangu, operesheni yenyewe ilikuwa fupi kuliko dua zetu. Tulikaa kwenye korido, mimi na shemeji yako, yeye akiwa na kamera shingoni kwa kuwa alisema tukio kama hili halipiti hivi hivi. Hakupiga hata picha moja. Aliipangusa lenzi, akaipangusa, akaipangusa, mpaka nikamnyang'anya nikamshika mkono. Tafadhali usimwambie kwamba nimekuandikia hilo.

Kesho yake muuguzi alimfungua bandeji. Mama akapepesa. Akatazama dirisha, akatazama mkono wake mwenyewe mbele na nyuma, kisha akanitazama mimi. Nikajiandaa kwa maneno ya kukumbukwa maisha. Akasema, "Umejaa mvi, wewe."

"Mama!"

"Na hilo gauni nimekushonea mimi? Mshono umepinda hivyo, mbona hukuniambia?"

Nikamwambia sikuona, naye akajua nasema uongo. Kisha akasema kumbe wateja wake walikuwa wanazivaa tu nguo zake na kumshukuru, kumbe watu walimvumilia namna hiyo na hakujua. Akageuza uso ukutani. Muuguzi akatuashiria tumwache.

Njiani kurudi nyumbani shemeji yako alimsimulia kisa kizima cha ile nailoni ya kamera, maana Mama wakati ule alikuwa hajaielewa sababu ya makelele yetu. Alicheka mpaka nikaogopea jicho. "Basi hata mimi nimebanduliwa nailoni, mkwe wangu," akamwambia.

Daktari amemkataza kuinama na kushona kwa sasa, na unamjua Mama, mikono yake haijui kulala. Asubuhi ya pili nilimkuta amekaa na rimoti mapajani, anatafuta ncha ya nailoni kwa ukucha. Nikadhani anataka kuibadilisha. Akaivua, akaitupa. Akafuata redio. Akamwita shemeji yako aje na mkasi, akaonyesha makochi. Sisi wawili tukatazamana. Nikamwuliza, "Mama, na sheria ya Baba?"

"Baba yenu atanisamehe," akasema. "Alitaka vitu vibaki. Vimebaki. Sasa mimi nataka kuviona."

Kumbe makochi yetu ni ya bluu yenye maua madogo meupe. Nimekaa juu yake tangu nikiwa msichana na sikujua.

Akaenda hivyo chumba kwa chumba, hadi akafika kwenye cherehani. Akaishusha picha ya Somo ukutani. Fremu nayo akaivua, akaifuta kwa kiganja, akaipeleka dirishani, akaliziba kwa mkono lile jicho ambalo halijatengenezwa. Akatazama. Alitazama kwa muda mrefu, nami nilisimama nyuma yake nikisubiri kusikia ile shilingi kwa ya pili.

"Nani alisema huyu amefanana na mimi?" akauliza.

"Watu wote, Mama. Hata wewe."

"Basi tulikuwa vipofu wote. Njoo uone huu unyusi."

Nikasogea, na shemeji yako akasogea. Mdogo wangu, huo unyusi wa kulia umepanda juu na wa kushoto umelala, vile vile kama Baba alivyokuwa akimtazama mwenye duka anayeapa kwamba mali yake haichakai. Na kile kidevu. Na yale masikio. Somo ni Baba. Ni Baba mtupu, ndani ya blanketi la manjano. Sisi tulimpa jina la Mama, tukawa tunalitazama jina.

Mama akakaa kwenye kiti chake, fremu mapajani. Hakulia. Akasema, "Mwaka mzima mume wangu yuko ukutani ananitazama nikishona, na hakuna aliyeniambia."

Picha niliyoiweka ndani ya bahasha hii niliipiga saa hiyo hiyo, kwa kamera yako, na haina ukungu hata chembe. Ndiyo hiyo uitundike. Utaona Mama haitazami kamera. Nilimwomba ainue uso kidogo, akaniambia nimwache kwanza, ana mazungumzo.

Jicho la pili litafuata daktari akiridhika na hili la kwanza, na safari hii Mama ndiye anayeulizia. Usikasirike kwamba tulikuficha. Amri ya kukuandikia ameitoa mwenyewe leo baada ya chakula. Na ukipiga simu ya video, jiandae. Amekwishatwambia nyusi zako zinahitaji kukaguliwa.

Nisalimie sana wifi yangu, umwambie lile gauni alilotumiwa, Mama atalifumua na kulishona upya, asikatae. Shemeji yako anakusalimu, anasema kama kamera ikisumbua tena umwulize yeye. Majirani wa nyumba ya nailoni wanakusalimu pia, ingawa sasa hawajui watuite nani. Mungu akuwekee afya wewe na walio chini ya dari yako, akupe njia nyeupe ya kuja, na utukute wote tunaonana.

Na Somo, mbusu kwa niaba ya bibi yake. Mama amesisitiza mahali: pale kwenye unyusi unaopanda.

Wako akupendaye siku zote,
Dada yako